Tangi Inataka Kupumua
Somo juu ya esanse, mvuke wake na usalama wa mashini za koperative



Kwa kawaida ukurasa huu unazungumza juu ya mbegu, udongo na magonjwa ya mimea. Mara hii tunaacha shamba kidogo, lakini hatuendi mbali. Maharagi na viazi vya Masisi vinashuka ku soko kwa pikipiki na kwa Fuso. Muhogo unasagwa na mashini ya mazutu. Mawese na mchele wa Walikale vinapita njia ndefu ya matope. Kazi hii yote inakula esanse na mazutu, na munajua namna bei inapanda kila wakati barabara inaharibika ao inafungwa.

Kuko mambo matatu yenye yanasumbua koperative nyingi. La kwanza: pikipiki iko na esanse nusu ya tangi, lakini inazimika katikati ya mlima. Motari anafungua kifuniko, anafunga tena, anapiga kiki, inawaka. Nyuma ya kilometa chache inazimika tena. La pili: bidoni iliyofungwa vizuri kule Walikale inafika Masisi imevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. La tatu, na ndilo linaloleta maneno: esanse iliyolala depo inapimwa, inakutwa imepunguka, na mlinzi wa depo anaitwa mwizi.

Mambo haya yana chanzo kimoja. Tangi na bidoni vinapumua, na mara nyingi sisi tunafunga pale pa kuacha wazi, tunaacha wazi pale pa kufunga.

1. HEWA INAINGIA, ESANSE INATOKA

Kila mama anayeuza mawese anajua jambo hili. Ukiinamisha bidoni iliyojaa, mafuta yanatoka kwa kurukaruka: glu, glu, glu. Sababu ni kwamba kila mafuta yanapotoka, hewa inapigana kuingia ku mdomo ule ule. Ukitoboa tundu la pili upande wa juu, mafuta yanatiririka bila kelele. Hewa imepata mlango wake.

Fanyeni jaribio hili ku mkutano, kwa maji tu, si kwa esanse. Chukueni chupa ya plastiki, itobolewe tundu dogo chini kwa msumari, ijazwe maji na kufungwa kifuniko kwa nguvu. Maji yatatoka kidogo, kiisha yatasimama. Legezeni kifuniko: maji yanatoka tena. Fungeni: yanasimama.

Tangi ya pikipiki ni chupa ile ile. Katika pikipiki zetu nyingi esanse inashuka yenyewe mpaka ku karbiratere, bila pompe ya kuisukuma. Kila tone linaloshuka linaacha nafasi, na nafasi hiyo lazima ijazwe na hewa. Hewa inapita ku tundu dogo sana ndani ya kifuniko. Likizibwa na matope ao vumbi, tangi inaanza kuvuta kwa ndani, esanse inashindwa kushuka, na motere inakufa kwa njaa wakati chakula kiko.

Wakulima wenye pompe ya mgongoni ya kupulizia dawa wanajua ndugu yake. Kifuniko cha pompe ile kiko na kilango kidogo cha mpira chenye kinaacha hewa iingie na kuzuia dawa isimwagike mgongoni. Mafundi wanakiita klape. Shikeni neno hilo, tutalirudilia.

2. JOTO NA MLIMA

Tangi haivuti hewa tu. Saa zingine inapumua kwa nje.

Sababu ya kwanza ni joto. Esanse inapopata joto inatanuka. Litri 20 za esanse zikipanda digri 20 za joto, kama bidoni ikitolewa kivulini asubuhi na kuachwa ku jua kali, zinaongezeka karibu desilitri 4. Kama bidoni ilijazwa mpaka mdomoni, desilitri zile zinatafuta pa kwenda: zinavimbisha bidoni ao zinatoka ku kifuniko. Ni vile vile kwa tangi ya pikipiki iliyojazwa pomoni kiisha ikasimamishwa juani. Inadondoka juu ya motere yenye ingali ya moto.

Huku kwetu neno «moto» tunalitumia kwa mambo mawili, moto wa kupanda na moto wa kuunguza. Tusiache wa kwanza uzae wa pili.

Sababu ya pili ni mlima. Hewa inakandamiza vitu kwa uzito wake, na kule juu uzito huo unapunguka. Kutoka mita 700 juu ya bahari mpaka mita 2,000, unapunguka karibu sehemu moja juu ya saba. Sehemu kubwa ya Walikale ni msitu wa chini, na vilima vingi vya Masisi vinapita mita 2,000. Kwa hiyo bidoni iliyofungwa msituni inabeba ndani yake hewa yenye nguvu ya msituni. Ikifika juu, inavimba. Safari ya kushuka inafanya kinyume: chupa tupu ya maji ikifungwa vizuri juu kabisa, itafika Walikale imebonyea.

Sababu ya tatu ni mvuke. Esanse inageuka mvuke hata bila kuchemshwa, na kadiri joto linapozidi ndivyo mvuke unavyozidi. Kwa hiyo bidoni ya esanse inavimba kupita bidoni ya maji.

3. MVUKE NI PESA, NA MVUKE NI MOTO

Harufu ya esanse munayosikia ndani ya depo ni esanse yenyewe, inaondoka. Mliilipia.

Lakini hasara ya pesa ni ndogo mbele ya hatari. Esanse ya maji haiwaki yenyewe. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mazutu inataka joto la zaidi ya digri 50 ndipo itoe mvuke wa kutosha kuwaka. Esanse inatoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi inayogandisha maji, kwa hiyo baridi ya usiku wa Masisi haitulindi hata kidogo.

Tupige hesabu. Litri moja ya esanse ikigeuka mvuke yote, inatoa zaidi ya litri 150 za mvuke. Mvuke huo ukienea ndani ya chumba kidogo cha mita 2 kwa 2, chenye urefu wa mita 2, hewa yote ya chumba hicho iko tayari kuwaka. Litri moja tu.

Tena mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, karibu mara 3 mpaka 4. Haupandi juu kama moshi wa jikoni. Unashuka chini, unatembea ku sakafu kama maji, unapita chini ya mlango, unafuata mteremko. Ukikuta mbabula ao sigara mbali na bidoni, unawaka pale, kiisha moto unarudi nyuma mpaka ku bidoni. Ndiyo maana mtu anasema: «Lakini mbabula ilikuwa chumba kingine!»

Wakaaji wa Kivu hawahitaji mfano wa mbali. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, katika Kivu ya Kusini, kati ya Bukavu na Uvira, lori la mafuta lilianguka na kumwaga mzigo wake. Watu walikaribia, wengine na bidoni za kuchotea. Moto ukalipuka, watu zaidi ya 200 wakafa. Si wote walikuwa wanachota. Wengine walikuwa ndani ya nyumba na fasi walikotazama mechi ya Kombe la Dunia. Tarehe 10 Agosti 2019 jambo kama hilo lilitokea Morogoro, Tanzania, na likaua watu wapatao 100. Mukiona lori la mafuta limeanguka, kimbieni mbali, mupande upande wa juu wa kilima, na muwazuie watoto.

4. NAMNA GARI INAVYOTENGENEZWA

Watu waliochora gari walikuwa na shida mbili zenye zinapingana. Tangi isipopumua, motere inazimika ao tangi inabonyea. Ikipumua ovyo, mvuke unatoka. Walifanya mambo haya.

Kwanza, kifuniko chenye klape mbili. Magari mengi ya esanse hayana tena tundu la wazi ku kifuniko. Klape moja inafunguka kuelekea ndani wakati tangi inavuta hewa. Ya pili inafunguka kuelekea nje kama nguvu ya ndani inapita kipimo. Wakati mwingine wote, zote zimefungwa.

Pili, sanduku la makala. Kule Marekani, jimbo la California lilianza kulazimisha magari mapya yashike mvuke wa tangi kuanzia magari ya mwaka 1970, na nchi nzima ikafuata 1971. Tangu hapo, gari la esanse linaweza kuwa na kisanduku cheusi karibu na motere ao karibu na tangi. Ndani yake mna makala. Lakini si makala ya jikoni: yametayarishwa kwa namna ya pekee yawe na matundu madogo sana yasiyohesabika. Gramu moja tu inaweza kuwa na uso wa zaidi ya mita 500 za mraba ndani ya matundu yake, sawa na kiwanja cha mita 25 kwa 20. Mvuke unapita ku tiyo kutoka tangi, unanaswa na makala. Motere ikiwaka, inavuta hewa ndani ya kisanduku, inachukua ule mvuke na kuuchoma kama esanse nyingine. Hakuna kinachopotea.

Tatu, klape ya kuanguka. Gari likipinduka, kilango kidogo kinaziba njia ya hewa ili esanse isimwagike.

Magari ya mazutu, kama Fuso nyingi tunazopanda, hayahitaji sanduku la makala kwa sababu mazutu haitoi mvuke mwingi. Lakini nayo yako na tiyo ya kupumua juu ya tangi. Matope ya barabara zetu yanaiziba, na wakati gari linavuka mto, maji yanaweza kuingia mle.

Makosa matatu yanaharibu kazi hii yote. Kosa la kwanza ni kubadilisha kifuniko kilichopotea na kipande cha kitambaa ao na sashe. Kosa la pili ni fundi kukata tiyo ya sanduku la makala na kuiacha inaning'inia; mvuke unatokea chini ya gari, karibu na bomba la moshi lenye joto. Kosa la tatu ni kujaza tangi mpaka mdomoni, kwa sababu esanse ya maji inaingia ndani ya makala na kuyaua. Huku tunajaza kwa bidoni, hakuna mashini ya kusimamisha yenyewe, kwa hiyo jicho lako ndilo klape.

5. KAZI YA MIKONO

Pikipiki inazimika njiani. Simamisha, zima kila kitu kinachowaka, fungua kifuniko polepole na usikilize. Ukisikia «shwii» ya hewa inayoingia, na pikipiki ikawaka tena, tundu limezibwa. Kama hakuna sauti na haiwaki, shida iko fasi nyingine: tazama buji, filtre, ao maji ndani ya esanse.

Kusafisha tundu. Ondoa kifuniko, peleka mbali na tangi, na funika mdomo wa tangi kwa kitu safi wakati unafanya kazi. Osha kifuniko, puliza tundu, pitisha waya mwembamba. Usitumie mwiba ao kijiti: kinavunjika ndani na kinaziba kabisa. Kausha, rudisha.

Sashe chini ya kifuniko. Motari wengi wanaweka sashe ili mvua isiingie. Mvua haiingii kweli, lakini hewa pia haiingii. Maji yanapita kwa sababu mpira wa kifuniko umechakaa. Badilisha mpira. Bei yake ni ndogo kuliko siku moja ya mzigo uliooza njiani.

Mashini ya kusaga na grupe ya umeme. Angalieni tundu la kifuniko kila juma, kwa sababu vumbi la unga linaziba upesi. Musimimine esanse wakati grupe inafanya kazi ao ingali ya moto. Mukumbuke: mukitia litri 10 ndani ya tangi, litri 10 za hewa yenye mvuke zinatoka ku mdomo ule ule, mbele ya uso wenu.

Maji ndani ya mazutu. Tangi inapopumua inaingiza pia unyevu. Usiku wa baridi unyevu unageuka matone ku ukuta wa tangi na kushuka chini. Tangi ya mazutu yenye inalala karibu tupu inakusanya maji mengi kuliko tangi yenye inalala imejaa. Kwa hiyo jazeni jioni, muache nafasi kidogo. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungueni skurubu ya chini ya tangi mpaka maji yatoke na mazutu safi ionekane.

Bidoni ya safari. Musijaze mpaka mdomoni. Bidoni ya litri 20 ipokee litri 19. Wakati wa kujaza, iwekwe chini ku udongo, si juu ya pikipiki wala ndani ya gari, ili cheche ya umeme inayozaliwa na msuguano isiruke. Kifuniko kifungwe vizuri. Ku safari ya kupanda, simameni fasi yenye upepo, mbali na watu na moto, mulegeze kifuniko polepole ili bidoni ipumue, kiisha mufunge tena. Musitoboe bidoni kamwe.

Bidoni tupu. Tupu ya esanse ni hatari kuliko iliyojaa, kwa sababu ndani mna mvuke na hewa, mchanganyiko tayari. Musiikate kwa moto. Tangi yenye harufu ya esanse isipelekwe kwa fundi wa kuchomelea kabla hajaisafisha na kuijaza maji.

6. DEPO, DAFTARI NA JINA LA MLINZI

Esanse isilale nyumba moja na watu, wala na mbegu. Mbegu na maharagi vinavuta harufu, na moto hauchagui. Kijumba chake kiwe peke yake, kivulini, upande wa chini wa nyumba za watu, si wa juu, kwa sababu mvuke unateremka. Kiwe na matundu ya hewa mawili: moja karibu na sakafu kwa ajili ya mvuke mzito, lingine juu. Ndoo mbili za mchanga zikae mlangoni. Maji yasimwagwe juu ya esanse inayowaka: esanse inaelea na moto unasafiri nayo.

Sasa turudi kwa yule mlinzi anayeitwa mwizi. Esanse ikipimwa mchana wa joto kule chini, kiisha ikapimwa asubuhi ya baridi huku juu, inakuwa imejikunja. Kwa tofauti ya digri 15, bidoni ya litri 20 inaonekana imepunguka karibu desilitri 3. Pipa la litri 200 linaonekana limepunguka karibu litri 3. Hakuna aliyeiba, na hakuna kilichopotea: uzito ni ule ule. Kwa hiyo pimeni siku zote saa ile ile, asubuhi, kwa kipimo kile kile, ao mutumie mzani.

Kifuniko kibovu kinaongeza hasara ya kweli ya mvuke, kidogo kidogo, kila siku. Lakini hata mvuke una mipaka yake. Bidoni iliyofungwa vizuri haiwezi kupoteza litri 3 kwa juma moja. Ikitokea hivyo, kamati iulize maswali mengine. Elimu inamlinda asiye na kosa, na inamfunua mwenye kosa.

Daftari iwe na mistari minne: litri zilizoingia, litri zilizotoka, litri zilizobaki, na hali ya kifuniko. Watu wawili watie sahihi.

7. MAULIZO YA KUZUNGUMZA KU MKUTANO

— Esanse ya koperative yetu inalala wapi? Chini yake ku mteremko kuna nini: jiko, shule, nyumba ya mtu?
— Ni vifuniko vingapi vya pikipiki zetu vina sashe leo? Tuvihesabu pamoja.
— Nani amekwisha kushukiwa kwa esanse iliyopunguka? Ilipimwa saa ngapi, na wapi?
— Nani atachunguza tundu la kifuniko cha mashini ya kusaga kila juma?

Kabla ya kutawanyika, kila mwenye pikipiki afungue kifuniko chake, atoe sashe, na aangalie kama tundu linapitisha hewa. Ni kazi ya dakika tano.